Siku Tangi la Karabai Lilipouzwa Mnadani Kama Asali

Wapo watu ambao mpaka leo wakiniona nimebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe huhamia upande wa pili wa njia, na siwalaumu. Niseme mapema ili tusipotezeane muda: ndiyo, mimi ndiye yule mwalimu aliyemrukia mama mkwe wake mbele ya kanisa zima siku ya Sikukuu ya Mavuno, na ndiyo, mimi ndiye niliyemwogesha mchungaji kwa pombe. Yote mawili ni kweli na yalitokea kwa pamoja. Habari yenyewe imeshafika Shelui kwa madereva wa malori na huko imetiwa chumvi mpaka sasa wanasema kanisa liliungua (halikuungua, lilitoboka kidogo tu), kwa hiyo nimeona niwasimulie mwenyewe, aibu ikiwa ni yangu basi angalau iwe sahihi.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya misheni kwenye kijiji kimoja cha mteremkoni, ukitoka Kiomboi unashuka kwenda Shelui. Nilikuwa nimemchumbia Raheli, binti wa Mzee Zakaria ambaye alikuwa mzee wa kanisa, na matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yameshasomwa mara ya kwanza mbele ya washarika, yamebaki ya pili na ya tatu. Mtu akiwa katika hali hiyo anatembea kama amebeba mayai. Na mimi nilikuwa na mayai ya aina mbili. La kwanza, misheni yetu ilikataza pombe kabisa; ukionekana nayo unatengwa, na aliyetengwa hafungi ndoa kanisani. La pili, mama mkwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawasemezani ana kwa ana. Ukimwona anakuja njiani unaingia vichakani mpaka apite, na ukiwa na la kumwambia unamtuma mtu, hata kama amesimama pale pale anakusikia. Si ugomvi, ni heshima, na mama yake Raheli nilimheshimu sana, kiasi kwamba nilikuwa naijua migongo ya kanga zake zote lakini sura yake siijui vizuri.

Sasa mambo yalianza na ule mwezi wa chuma wa Warusi. Redio ya dukani Kiomboi ilitangaza kwamba Warusi wamerusha kitu angani kinazunguka dunia, na Jumapili moja baada ya ibada wanaume tukawa tumesimama nje tunalizungumza jambo hilo, ndipo mimi kwa ujuaji wangu wa chuoni nikaanza kueleza kwamba kilichokipeleka kule ni roketi, na roketi inakwenda mahali ambapo hata hewa hakuna.

Mzee Zakaria akanitazama. "Hewa hakuna?"

"Hakuna, baba."

"Sasa inasukuma nini? Ndege inapiga hewa kwa mabawa. Mtu anasukuma ardhi kwa miguu. Hiyo inasukuma nini?"

"Inasukuma kile inachokitupa, baba. Inatupa moto na moshi kwenda nyuma kwa nguvu, ule moshi nao unaisukuma yenyewe kwenda mbele. Haihitaji kitu kingine."

"Yaani mtu anaweza kujinyanyua kwa kushika masikio yake mwenyewe."

Watu wakacheka. Nikamkumbusha lile gobole lake la zamani, jinsi linavyompiga begani risasi inapotoka, nikamuuliza gobole linamrudisha nyuma kwa kusukuma nini. Akafikiri (hakuwa mtu wa kubisha hovyo, nawaambia ukweli), kisha akasema linasukuma hewa iliyo mbele ya mtutu. Nikasema sivyo. Akasema basi nimwonyeshe. Halafu akaongeza maneno ambayo sikuyatarajia, tena kwa upole, jambo lililonitisha zaidi.

"Mwalimu, mimi sikujui sana. Najua una kazi na una shati safi. Lakini nikikuuliza kitu nataka kujua kama unachonijibu unakijua, au unapendezwa tu na sauti yako. Binti yangu atakusikiliza maisha yake yote. Nionyeshe kabla matangazo hayajasomwa tena."

Nikasema nitamwonyesha siku ya Sikukuu ya Mavuno, mnada ukiisha, mbele ya watu wote. Hakuna aliyeniambia mbele ya watu wote. Hilo nililiongeza mwenyewe.

Niwaeleze kidogo chombo chenyewe, maana nilikipenda, na kukipenda ndiko kulikoniponza. Shuleni kulikuwa na taa ya karabai iliyokufa. Tangi lake lilikuwa la shaba nzito, limetengenezwa kustahimili kujazwa hewa kwa pampu, ila pampu ndiyo iliyokuwa imeharibika. Fundi wa malori wa Shelui akanizibia matundu kwa lehemu, akaacha moja. Kwenye hilo moja nilitaka mdomo wa kutolea hewa, na hapo ndipo kichwa changu kilipokuwa hakilali. Chuoni niliwahi kusoma jambo ambalo lilinikosesha raha kwa muda mrefu. Mnajua maji ya korongo: yakifika penye wembamba yanakimbia, yakifika penye upana yanatulia. Hewa nayo ni hivyo hivyo ikiwa inakwenda taratibu. Lakini hewa si maji, hewa inabanika, na iliyobanwa ina hamu ya kutanuka. Ukiibana sana ikatoka kwa nguvu mpaka pale penye wembamba ikafikia mwendo wa sauti, basi ukiipanulia njia haitulii hata kidogo, inazidi kukimbia, kwa sababu inavimba haraka kuliko njia inavyopanuka. Ndiyo maana mdomo wa roketi umebanwa kiunoni halafu unafunguka kama tarumbeta. Nilipolisoma hilo nilitoka nje nikakaa peke yangu. Nilikuwa nimeishi na hewa tangu kuzaliwa bila kujua kwamba ina tabia hiyo.

Na mdomo wa umbo hilo nilikuwa nauona kila siku: shingo ya kibuyu. Kuna vibuyu vinaota vimebanwa katikati kama mwanamke aliyefunga mkanda, ukikata pazuri unapata kiuno na tarumbeta yake, tayari. Nikakata, nikaipachika kwenye tangi kwa nta, nikaikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli mpaka ikawa haitikisiki, nikachonga kizibo cha mti cha kuingia kiunoni na kukifunga kamba. Nia ilikuwa kulining'iniza tangi kwenye waya mrefu uliofungwa kati ya nguzo mbili, nivute kamba, kizibo kichomoke, hewa itoke nyuma na tangi likimbie mbele kwenye waya huku watu wakishangilia na Mzee Zakaria akinipa mkono.

Ilibaki hewa. Pampu ya baiskeli yangu ilikuwa imekauka ngozi yake ya ndani. Ningeweza kungoja lori lipite nimwagize dereva ngozi nyingine, watu wazima hufanya hivyo. Badala yake nikakumbuka kwa bibi yangu.

Bibi mzaa baba hakuwahi kubatizwa na hakuwa na mpango huo. Alikuwa anatengeneza pombe ya asali ya kunywa yeye na wazee wenzake, na utotoni niliwahi kuona kibuyu chake kilichozibwa vibaya kikitema kizibo mpaka darini, maana pombe changa ikizibwa inazaa gesi, na gesi ikikosa njia inabanana. Nikasema, naam, pampu yangu hii hapa. Nikaenda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Unataka nini?"

"Pombe changa, bibi. Kidogo tu, na asali ya kuiongezea nguvu."

Akaweka kata chini. "Wewe wa misheni? Pombe ya nini?"

"Ya kurushia chombo."

Akasema, "Mjukuu wangu, nimewapa walevi pombe tangu sijaota mvi na wamenipa sababu za kila namna. Hiyo sijawahi kuisikia." Akanipa. Nilijiambia kwamba siinywi, siiuzi, ni gesi tu ninayoitaka, na gesi haina dini. Nilijiona mjanja sana.

Usiku wa kuamkia sikukuu nikaimimina pombe na asali tangini, nikakaza kizibo. Asubuhi nikadamka, nikafunga waya wangu uwanjani, nikalifunga tangi kwa kitambaa cheupe nilichofua mwenyewe (ni Jumapili, nisiingie kanisani na mabati), nikaliweka kivulini kwenye kibaraza cha kanisa, nikaenda kunawa mikono. Ni hapo tu. Hapo kwenye kunawa mikono ndipo maisha yangu yalipogeuka.

Mnajua Sikukuu ya Mavuno. Kila mtu analeta alichojaliwa, mtama, uwele, karanga, kuku, viazi, asali, vinawekwa mbele ya madhabahu vikabarikiwa, na ibada ikiisha vinauzwa mnadani nje. Akina mama wa zamu walipita kibarazani wakakuta kitu kizito kimefungwa kwa kitambaa cheupe kinanukia asali, na mmoja wao alikuwa ameniona nikikiweka. Nilipoingia ibadani na kuketi na walimu wenzangu, nikainua macho nikakiona. Kimekaa mbele ya madhabahu. Katikati ya debe la mtama na jogoo aliyefungwa miguu. Pombe ya bibi yangu.

Hapo ningesimama. Ningesema, samahani mchungaji, kile si sadaka, ni chombo cha shule, naomba nikitoe. Ingekuwa hivyo tu. Lakini nikawaza, wakiuliza ndani kuna nini? Nikawaza nikisema uongo mbele ya madhabahu ni dhambi, nikisema kweli natengwa, nikinyamaza hakuna aliyeuliza. Nikanyamaza. Mchungaji akahubiri juu ya malimbuko, na mimi nikaangalia nyuki aliyeingia dirishani, akazunguka madebe yote, akachagua kitambaa changu. Baadaye akaja wa pili. Mahali pa kizibo palikuwa pameanza kulowa. Mchungaji akainua mikono akabariki vyote vilivyoletwa, na vyote ni vyote.

Nje, mnadi alikuwa Mzee Zakaria, kwa sababu ya sauti yake. Jua lilikuwa kali na sadaka zimepangwa juani. Nilijisogeza karibu nikitafuta nafasi ya kulichukua tangi kimya kimya, lakini kabla sijalifikia akaliinua juu.

"Haya, asali! Tena siyo ya mtu mwingine, ni ya mwalimu, anayetaka kuwa mkwe wangu! Sikieni uzito!" Akalitikisa. Akaweka sikio, akalitikisa tena. "Imejaa mpaka inalia!"

Ilikuwa inalia kweli. Mimi nilijua kilio hicho ni cha nini.

Nikaona njia ni moja, ninunue mwenyewe. Nikataja bei. Watu wakacheka, mmoja akasema mwalimu anatoa kwa mkono huu ananunua kwa ule, nikacheka nao (sijui nilichekaje). Ndipo sauti ya mwanamke ikapanda kutoka kwenye mikeka ya akina mama, ikataja bei ya juu zaidi, na sikuhitaji kugeuka. Ilikuwa ya mama yake Raheli. Alitaka kunipa heshima, jamani. Alitaka watu waone kwamba sadaka ya mkwe wake haiendi nyumba nyingine. Nami nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena, nikasikia "eeh!" kutoka kwa wazee, maana kushindana na mama mkwe hadharani ni jambo ambalo hata kulieleza kwake ni taabu. Raheli alikuwa kwenye kwaya, upande wa mbali. Nikamnyooshea mkono, nikaupungapunga nikimaanisha njoo, njoo haraka, mwambie mama yako aache. Raheli akaona, akainamisha uso kwa haya, akatabasamu.

Mzee Zakaria akanitolea jicho. Nikanyamaza mara ya pili. Tangi likaenda kwa mama.

Akaketi nalo mkekani. Akaweka kitako cha tangi tumboni kwake, kama mtu anavyopakata kibuyu, mdomo ukielekea nje, akafungua kitambaa, akaiona ile kamba nzuri niliyoisuka mwenyewe, akaanza kuizungusha kidoleni awaonjeshe wenzake. Na mimi nilijua kitu ambacho hakuna mwingine uwanjani aliyekijua: kizibo kikitoka mbele, tangi litakwenda nyuma, na nyuma ni tumbo la mama yake Raheli.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nimeruka gunia la mtama, nakumbuka jogoo, nakumbuka mdomo wangu umefunguka umesema "Mama, acha!" moja kwa moja kwa mama mkwe, usoni, mbele ya watu wote, halafu mikono yangu miwili iko mapajani mwake imeshika tangi nalivuta pembeni litoke tumboni kwake. Yeye naye, mtu akikurukia hivyo utafanyaje, akashikilia alichokuwa ameshika. Alikuwa ameshika kamba.

Kizibo kikachomoka, na kelele ya tangi lile sijawahi kuisikia tena mpaka leo. Haikuwa mlio wa bunduki, ilikuwa kama ng'ombe anakohoa na kuzomea pamoja, na povu likatoka kwenye shingo ya kibuyu kama fimbo nyeupe, likampata Mzee Zakaria kifuani likapanda usoni, likamalizikia kwa mchungaji aliyekuwa amesimama nyuma yake na kanzu yake ya ibada. Tangi likanitoka mikononi, likanipita chini ya kwapa, likapita juu ya mikeka ambako sekunde ile hakuna kichwa kilichokuwa kimeinuka (Mungu ni mwema), likajipigiza kwenye ukuta wa kanisa, likaingia kwenye udongo nusu yake, likabaki limekwama linadondosha.

Jogoo tu ndiye aliyekuwa anasema.

Mzee Zakaria alikuwa ameokoka akiwa mtu mzima. Akajilamba mdomo wa juu, na nikaona uso wake unabadilika, unapatwa na huzuni fulani kama mtu aliyekutana njiani na rafiki waliyeachana zamani.

"Hii ni pombe," akasema. Akajilamba tena. "Na imetengenezwa vizuri."

Jioni wazee wa kanisa wakaketi nyumbani kwa mchungaji, nami nikawekwa kwenye kigoda mlangoni. Mama yake Raheli aliitwa kwa kuwa ndiye aliyeguswa, akakaa chumba cha pili ametupa kisogo, mlango ukiwa wazi, Raheli akiwa pembeni yake. Mchungaji, akiwa na nguo za kuazima, akaniuliza kama nilikunywa. Nikasema sikunywa. Akaniuliza ni nani aliyenipa, nikamtaja bibi yangu, naye akaguna, maana wote walimjua. Nikaeleza habari ya gesi, na kibuyu, na kiuno, nikaeleza vizuri kabisa kama niko darasani. Baadaye sana, nikiwa nimetulia, niligundua kwamba hata kile kiuno hakikufanya kazi yoyote, kwa sababu kilichotoka kilikuwa povu, nusu maji nusu gesi, wala mwendo wa sauti hakikuunusa. Lakini siku ile nilieleza tu.

Mzee Zakaria alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusikia," akasema. "Hayo ya angani bado sijui, maana pale uwanjani hewa ilikuwepo."

Na alikuwa na haki. Jaribio langu lote, hata kama lingekwenda nilivyolipanga, lisingemjibu swali lake. Nilikuwa nimeshughulika na waya na kibuyu nikasahau alichoniuliza.

"Nina swali la hapa chini," akaendelea. "Ulipoliona mbele ya madhabahu, ulijua ni nini?"

"Nilijua, baba."

"Nilipolitikisa sikioni kwangu?"

"Nilijua."

"Mke wangu alipoliweka tumboni?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilitaka kujua kama unayoyasema unayajua," akasema. "Kumbe unayajua. Shida ni kwamba unayajua na unakaa nayo kimya, kwa sababu unaogopa watu watakuonaje. Mtu wa namna hiyo nikimpa binti yangu, siku nyumba inaungua atamwambia saa ngapi?"

Nikaona kabisa kwamba imekwisha. Ndipo sauti ikatoka chumba cha pili, imegeuzwa ukutani, kama desturi inavyotaka.

"Baba Raheli, mwambie mwalimu kwamba aliponirukia nilidhani amerukwa na akili. Nikasema moyoni, huyu hatamwoa mwanangu, bora aolewe na jogoo. Lakini nimekwenda kuutazama ule ukuta. Mwambie nimeingiza mkono kwenye lile shimo, umeingia mpaka hapa." Sikuona hapa ni wapi, ila Mzee Zakaria aliona, na akafumba macho. "Mwambie alichelewa sana. Mwambie pia kwamba alikuja."

Wazee walinong'onezana muda mrefu. Uamuzi ukawa huu: matangazo yanafutwa. Nakaa nyuma ya kanisa, sishiriki meza ya Bwana mpaka mavuno mengine. Ukuta naukandika mwenyewe. Kwa mama mkwe napeleka mbuzi na blanketi kama desturi inavyodai kwa aliyemgusa. Baada ya hapo, ikiwa Raheli bado ananitaka, matangazo yaanze upya kutoka la kwanza. Wakamuuliza Raheli pale pale. Akasema atangoja.

Nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka uani. Nilidhani atanifariji. Alisimama mbali kidogo, mikono ameikunja.

"Uliponipungia mkono mnadani," akasema, "nilidhani unanisalimia."

"Najua. Nilikuwa nataka—"

"Nilifurahi. Nikawaambia wenzangu wa kwaya, mwoneni, hajali watu, ananisalimia mbele ya wote." Akafuta uso kwa upande wa kiganja. "Mama yangu alikuwa anakaribia kuumia na mimi nilikuwa nafurahi. Usinifanyie hivyo tena. Kukiwa na moto sema moto."

Akaingia ndani. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa nanuka asali, mbwa wa njia nzima wananifuata. Alingoja kweli, na tulifunga ndoa, ila maneno yale ya uani ndiyo yaliyonivua nguo kuliko povu na kuliko wazee. Pombe sikuigusa tena wala roketi, lakini nadhiri yangu si hiyo. Siku hizi nikijua jambo linaweza kumuumiza mtu nalisema kwa sauti nikiwa bado sijajua nitajieleza vipi, nikiwa natetemeka, hata ibada ikiwa katikati, na wanaonicheka nawaacha wacheke.